Wiski ya Glodie, Lutuku ya Mama Pétronille

Uskoti, 3 Machi 2024

Mama yangu,

Padri Cyprien amemaliza masomo yake Ubelgiji na anarudi Kalemie kupitia Kigoma. Nimemwomba akubebee kifurushi. Alicheka nilipomwambia kilichomo ndani, lakini amekubali. Ni chupa tatu ndogo za wiski ya kiwanda chetu. Zote ni pombe moja: shayiri ile ile, maji yale yale, moto ule ule. Kinachozitenganisha ni muda tu. Ya kwanza imelala ndani ya pipa miaka mitano, ya pili miaka kumi na miwili, ya tatu miaka ishirini na mitano.

Najua watu wa mtaa wanafikiri mimi huku ninashinda nimelewa. Waambie ninanusa, ninaonja, ninatema. Bwana Murdo, mkuu wa waonjaji, amenifundisha miaka minne sasa, na mwaka huu amenipa kazi ambayo hajawahi kumpa mtu wa umri wangu. Kiwanda kinatimiza miaka mia, na mimi ndiye ninayepaswa kupendekeza pipa la kufunguliwa kwa sherehe. Mimi, mutoto wa Kalemie, niliyekuwa ninafanya devoir za shule karibu na pipa lako la kupikia pombe ya lutuku huku macho yananiwasha kwa moshi.

Sitakuambia mimi ninapenda ipi. Onja kama unavyoonja ya kwako, kisha uniandikie.

Kwenye habari nimesoma kwamba ziwa limepanda. Maji hayajafika nyumbani?

Mutoto wako,
Glodie


Kalemie, 28 Aprili 2024

Glodie mutoto wangu,

Padri Cyprien amefika salama, na chupa zako zimefika salama. Mado ndugu yangu atapiga picha ya hii karatasi na simu yake akutumie. Sipendi kusema kwa simu. Sauti inakatikakatika, na mimi nikianza maneno yangu napenda niyamalize.

Ziwa liko pale pale, linaendelea kuwa ziwa. Siku hizi niko hapa kwa Mado, huku juu mulimani, tunasaidiana kazi.

Sasa tuingie kwa wiski. Siku ya Jumapili, kutoka misa, tuliketi watatu: mimi, Mado, na Papa Isidore jirani, yule aliyekuwa anafanya kazi kwenye gari-moshi. Papa Isidore alitaka kunywa moja kwa moja, nikamuzuia. Nilimwaga tone kwa kiganja, nikasugua mikono, nikanusa. Kisha nikaonja kidogo na maji, kisha kidogo bila maji.

Ile ya miaka mitano inapiga kelele kama watoto wanaotoka masomo. Lakini iko na nguvu safi, na ndani yake nimesikia moshi wa samaki, ule moshi wa migebuka ikikaushwa. Nilifurahi, nikasema kumbe hata wazungu wanajua moshi.

Ile ya kumi na mbili, nilifunga macho. Moshi uko, lakini umeketi. Nyuma yake kuna ndizi iliyoiva sana, na asali, ile nyeusi inayotoka Nyunzu. Mado aliuliza, “Dada, mbona unafunga macho?” Nikamwambia aniache kwanza.

Ile ya miaka makumi mbili na tano, rangi yake ni nzuri sana, chai tupu. Nikanusa: mbao. Nikaonja: mbao. Kabati ya masista, pale wanapoweka nguo za altari. Moshi umeenda wapi? Ndizi imeenda wapi? Huyu muzee amelala ndani ya pipa mpaka pipa limemumeza. Papa Isidore alisema hii njo nzuri kupita zote kwa sababu ni ya zamani. Nikamuuliza, “Na kama sikukuambia miaka yake?” Akaomba anuse tena.

Kwangu mimi njo ile ya katikati. Na usifikiri ni mwanamuke wa lutuku anayesema bila kujua. Kwa hii mikono minerval yako ya shule ililipwa mpaka mwisho, na hakuna mutu wa Kalemie aliyewahi kurudisha chupa yangu.

Mama yako,
Pétronille


Uskoti, 19 Mei 2024

Mama,

Nimesoma barua yako mara nyingi, na nitakuambia ukweli: imeniuma. Hiyo ya miaka ishirini na mitano, uliyoiita kabati ya masista, ndiyo niliyoichagua mimi. Nimekwisha kuiandikia ripoti. Ndiyo itakayofunguliwa kwa sherehe, na jina langu litakuwa chini ya jina la Bwana Murdo.

Labda sikukueleza vizuri. Pipa ni la mwaloni, na lilikuwa na mvinyo wa Uhispania kabla ya kupewa wiski. Mbao inapumua. Baridi ikija, pombe inajikunja. Joto likija, inaingia ndani ya mbao na kutoka na rangi, na harufu ya matunda makavu, na ule ukali wa kwanza unapungua. Kila mwaka sehemu yake inapotea hewani. Huku wanasema malaika wameinywa. Mpaka miaka ishirini na mitano, kinachobaki ni kidogo, na ndiyo maana ni ghali, na ndiyo maana watu wanaiheshimu.

Mdomo ambao haujazoea mbao unaweza kuiona mbao tu. Hata mimi mwaka wa kwanza ilikuwa hivyo.

Nakuheshimu, Mama. Lakini hii ni kazi niliyosomea.

Glodie


Kalemie, 2 Juni 2024

Glodie,

Sikukasirika. Nimefurahi kuona unajua kukasirika, maana wewe tangu utoto ulikuwa unameza kila kitu kimya.

Lakini siwezi kudanganya ulimi wangu ili ulale vizuri. Uliniambia nionje, nikaonja. Malaika wenu wakunywe wanavyotaka, wale wa kwetu wako kwenye kwaya pamoja na mimi, tunakunywa maji.

Swali langu ni moja tu, na usinijibu mimi, jijibu mwenyewe. Ulipoichagua ile pombe, ulikuwa unaijua miaka yake au ulikuwa huijui?

Mimi wakati nilipokufundisha, nilikuwa ninakufunga macho na kitambaa. Nakupa vikombe, unaniambia hii ni ya mahindi peke yake, hii wamechanganya muhogo. Ulikuwa hukosei. Watu walikuwa wanakuja kutazama.

Mama yako,
Pétronille


Uskoti, 14 Julai 2024

Mama yangu,

Nilikaa na swali lako wiki nzima huku nikilikimbia. Kisha nilimwomba mwenzangu wa maabara animiminie vikombe sita bila kuniambia kipi ni kipi. Nikavipanga. Ile ya miaka ishirini na mitano ilikuwa ya tano. Ya kumi na miwili ilikuwa ya kwanza, na sikusita.

Nilikuwa ninaijua miaka yake, Mama. Nilisoma namba kabla ya kunusa.

Nilikwenda kwa Bwana Murdo nikamwambia ninaondoa ripoti yangu. Nilifikiri atanifukuza. Alinitazama, akauliza, “Nani amekubadilisha mawazo?” Nikamwambia mama yangu, anapika pombe kali kando ya ziwa Tanganyika, na ndiye mwonjaji wa kwanza niliyemjua. Hakucheka. Alisema pipa lile lilikuwa zuri sana miaka minane iliyopita, na kwamba yeye mwenyewe alitaka kuona kama nitalisema hilo.

Usifikiri nimeshinda kila kitu. Wakurugenzi wameamua kufungua lile la zamani vilevile, kwa sababu namba kubwa inauzika. Lakini wamenipa mapipa mawili ya miaka kumi na miwili, niyatoe pembeni kama chaguo langu mwenyewe. Yatakuwa na jina langu peke yake.

Sasa nina ombi. Bwana Murdo anataka kuonja lutuku yako. Wenzangu wote wanataka. Nitumie chupa moja, ile unayopika sasa, bila kuipamba. Padri Cyprien anakuja tena Ulaya mwisho wa mwaka.

Mutoto wako,
Glodie


Kalemie, 1 Septemba 2024

Glodie binti yetu,

Ni mimi mama yako mudogo Mado. Mama yako hajui kama ninakuandikia. Yuko kanisani kwa mazoezi ya kwaya, kwa hiyo nitafanya haraka.

Unangojea lutuku na unafikiri amekasirika. Hakukasirika. Hana lutuku. Tangu mwezi wa nne hajapika hata tone.

Maji yaliingia nyumbani kwenu wiki ile ya kabla ya Padri Cyprien kufika. Yalipanda pole pole, tukafikiri yatarudi, hayakurudi. Kisha usiku upepo ukaleta mawimbi na ukuta wa jikoni ukaanguka. Pipa la kupikia lilizama, na ile tiyo ya shaba aliyoachiwa na bibi yako, iliyokuwa inapitisha mvuke, hatukuiona tena. Tulitoa magodoro, masufuria, na picha ya marehemu baba yako. Nyumba nyingi za pale chini zimeenda. Mama yako anaishi hapa kwangu, si kwa kusaidiana kazi. Hana pengine.

Alipoonja wiski yako, alikuwa amevaa kitambaa changu na viatu vyangu. Nilimwambia, “Dada, mwambie mutoto.” Akanijibu, “Ameniandikia kama fundi anavyomwandikia fundi mwenzake. Unataka nimujibu kama mukimbizi?” Lakini barua yako ya mwezi wa saba alipoisoma, alitoka inje, akakaa kwa jiwe mpaka chakula kikapoa. Anakupenda na ana majivuno, na hivyo viwili kwake havitengani.

Usimwambie ni mimi. Lakini atajua tu ni mimi, maana simu ni yangu.

Mado


Uskoti, 8 Septemba 2024

Mama,

Najua. Usimkasirikie mama mudogo.

Nilianza kuandika barua hii mara tatu, na kila mara ilikuwa imejaa pole. Nimezichana. Najua utazichukia.

Kwa hiyo nitasema hivi tu. Karibu na kiwanda chetu kuna fundi anayetengeneza vyombo vya shaba vya kupikia wiski. Nimemchorea tiyo ya bibi kama ninavyoikumbuka, na mikunjo yake, na ule mdomo uliopinda kidogo. Ameikubali kazi. Siyo msaada. Hapa waonjaji wanapeana vyombo, na hakuna anayeona haya kupokea. Bwana Murdo alinipa kikombe changu cha kwanza cha kunusia.

Sherehe ni mwezi wa kumi na moja, na sitaomba tena chupa. Nitawaambia tu kwamba ipo.

Nilionja wiski pamoja na wewe nikiwa hapa, na wewe ulikuwa huna ukuta wa jikoni, na bado ukaniambia moshi umepotea. Sijui mtu mwingine ambaye angeweza.

Glodie


Kalemie, 20 Oktoba 2024

Glodie,

Mado nimemusamehe, kisha nimemunyima simu yake siku mbili.

Ile tiyo nitaipokea. Umesema vizuri, fundi kwa fundi. Feza usitume. Nikiona feza ya nyumba, nitairudisha na Padri huyo huyo. Wanawake wa kwaya wamenisaidia kufyatua matofali, na mimi niliwasaidia wengine kabla yao. Tunajenga huku juu, mbali na maji.

Sasa sikiliza. Ulisema wanaonja pombe za zamani huko kwenu na kuziheshimu. Basi ninayo moja. Mwaka uliozaliwa, baba yako André alikuwa bado anafanya kazi kwenye gari-moshi na mushahara haukuwa unafika. Nilipika kwa mara ya kwanza peke yangu, bila bibi yako kunishika mukono, na wewe nilikuwa nimekubeba mugongoni. Kutoka ile ya kwanza nilifunga chupa moja, nikaweka nta juu ya kizibo, nikampa Mado aifiche, maana nyumbani kwetu isingefika hata Krismasi. Nilisema itafunguliwa siku ya harusi yako. Harusi yako siioni kwa hizi barua, na maji yamenifundisha kutongojea sana.

Padri Cyprien anakuletea. Iko na miaka makumi mbili na nane. Imezidi yenu ya sherehe.

Onja mbele yao. Funga macho. Kisha uniambie kama imekuwa muzee mwenye akili, au imekuwa kabati. Usinihurumie. Mimi sikukuhurumia.

Mama yako,
Pétronille


Uskoti, 8 Desemba 2024

Mama yangu,

Ilifika. Nta haikupasuka hata kidogo.

Tulikuwa wanne katika chumba cha kuonjea: mimi, Bwana Murdo, na wenzangu wawili. Nilimimina, na walipoona ni nyeupe kama maji walitazamana. Mmoja aliuliza, “Miaka ishirini na nane, na haina rangi?” Nilikuwa ninajua jibu tangu niliposoma barua yako, na nimebaki wiki kadhaa nikitafuta namna ya kukuambia. Bwana Murdo alisema, “Mwambie jinsi ilivyo. Yeye hatakubali kitu kingine.”

Mama, pombe haizeeki ndani ya chupa. Inazeeka ndani ya mbao, kwa sababu mbao inapumua. Kioo hakipumui. Siku ulipoweka nta juu ya kizibo, ile lutuku ilisimama. Haikupata hata mwaka mmoja. Tuliyoonja sisi ni ile ile uliyoimimina mwenyewe, mimi nikiwa mgongoni.

Sasa nikuambie ladha. Mahindi yako wazi kabisa, yamekaangwa vizuri, na kuna utamu wa muhogo unaokuja mwishoni. Ni safi kuliko nilivyotegemea. Lakini mwanzo wake unachoma pua. Kichwa, yale maji makali ya kwanza yanayopaswa kumwagwa, hukukimwaga chote. Nadhani uliogopa kupoteza. Na chini kuna harufu ndogo ya kuungua, kama mtu aliyezidisha kuni kwa sababu alikuwa na haraka.

Niliyasema yote hayo mbele yao kwa sauti, macho yamefungwa. Kisha niliweka kikombe chini, kwa sababu mwanamke aliyepika ile pombe alikuwa mdogo kuliko mimi nilivyo leo. Sikumjua kamwe. Na alikuwa pale ndani ya kikombe, na haraka yake na woga wake na kazi yake nzuri.

Bwana Murdo alimaliza kikombe chake. Kisha akaomba amiminiwe tena, na yeye haombi mara mbili. Kwenye sherehe, alipoulizwa na wageni ni kinywaji gani kimemgusa mwaka huu, hakutaja wiski yoyote.

Wiski yangu ya miaka kumi na miwili imetoka. Chini ya jina langu nimeandika mstari mmoja: Nilifundishwa kuonja na Pétronille wa Kalemie.

Nisamehe kama nimesema zaidi ya inavyofaa.

Mutoto wako,
Glodie


Kalemie, 12 Januari 2025

Glodie mutoto wangu,

Nisamehe nini? Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya Mado, mbele ya Papa Isidore, na mbele ya wanawake watano wa kwaya. Nilipofika pale uliposema kichwa sikukimwaga chote, Mado alishika mudomo. Mimi nilipiga makofi.

Njo kweli. Niliogopa. Ile siku nilikuwa na magunia mawili tu ya mahindi ya mukopo, na kila tone nililoliona linadondoka niliona ni unga wa nyumbani. Kumwaga kichwa kulikuwa kama kumwaga chakula chenu. Na kuni nilizidisha kwa sababu wewe ulikuwa unalia na nilitaka kumaliza. Hakuna mutu niliyewahi kumuambia hayo, hata baba yako. Wewe umeyakuta kwa ulimi tu, huko mbali kwenye baridi. Sasa nimejua kwamba kazi yangu ya kukulea ilikuwa imekamilika.

Kwa ile habari ya kioo, kwanza nilihuzunika kidogo. Miaka yote hiyo nilifikiri iko inafanya kazi pale chini ya kitanda cha Mado, kumbe ilikuwa imelala usingizi. Lakini Papa Isidore alisema ni vizuri mutu mumoja angalau amebaki kijana.

Tiyo yako imefika. Fundi Zacharie ameifunga kwa pipa jipya, na mudomo wake umepinda kama wa bibi yako, sijui ulikumbukaje. Juzi niliwasha moto hapa mulimani. Mahindi nilikaanga mwenyewe. Kuni niliweka chache, nikaketi. Kichwa kilipoanza kutoka, nilikimwaga chote chini, na niliendelea kumwaga mpaka Mado akasema, “Dada, imetosha.” Nikamuambia mimi njo ninayejua kama imetosha.

Kisha ikaja yenyewe. Nilisugua kwa kiganja, nikanusa.

Chupa sitakutumia. Ile uliyokunywa ilipikwa na musichana mwenye woga, na ulimuhukumu vizuri, kwa haki. Hii imepikwa na mimi. Panda ndege, panda meli, kuja unywe hapa, macho yamefungwa, kisha uniambie ni nani kati yetu amezeeka vizuri.

Mama yako,
Pétronille